UZI: Tamasha linaalika wachoraji walete mchoro wa bango. Tangazo liandikweje ili mchoraji asiumie na tamasha lipate kazi nzuri?

Mwanzisha uzi

Wakuu, habari za majukumu.

Kila msimu wa matamasha ukikaribia, kwenye makundi yetu ya WhatsApp ya wasanii huanza kuzunguka matangazo ya aina moja: tamasha la mji fulani linaalika wachoraji walete kazi, na mchoro mmoja utachaguliwa uwe sura ya tamasha mwaka huo. Utakaa kwenye mabango, fulana, tiketi, vipeperushi na kurasa za mitandaoni. Nalipenda sana jambo hili na nataka lizidi. Wakazi wengi wa mji hawataingia ukumbini hata siku moja, lakini bango watalikuta ukutani pa duka wanakonunua sukari. Huo mchoro ndio utakaoonwa na macho mengi kuliko kazi nyingine yoyote ya tamasha zima.

Sasa soma tangazo lenyewe. Mistari minne mitano: wachoraji wote mnakaribishwa, mada ni utamaduni wetu, mwisho wa kutuma tarehe fulani, mshindi atapata zawadi nono. Basi. Halisemi zawadi ni kiasi gani, nani anachagua, mchoro utakuwa mali ya nani, wala kazi za ambao hawakuchaguliwa zitakwenda wapi.

Hoja yangu ni moja: tangazo la kualika kazi ndilo mkataba. Mchoraji akishatuma, hana tena nguvu ya kujadili kitu. Chochote ambacho hakikuandikwa siku ya kwanza kitaamuliwa baadaye na mwenye bajeti.

Naanza na mada, maana hapo ndipo tamasha linapojikosesha lenyewe. Ukimwambia mchoraji "chora utamaduni wetu", utaletewa ngoma, mbuyu, jahazi na jua linalozama. Wachoraji wanajua kuchora vingine, ila hujawapa pa kushika. Chukueni Bagamoyo. Pale kuna tamasha la sanaa lililoanza mwaka 1982, mwaka mmoja tu baada ya kuanzishwa Chuo cha Sanaa ambacho leo ndicho TaSUBa, yaani Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo. Mji ule una magofu ya Kaole, una milango ya kuchonga kwenye nyumba za Mji Mkongwe, una soko la samaki ufukweni, una vijana wa sarakasi wanaojinyoosha mchangani alfajiri. Tena sanaa ya Bagamoyo si ya Wakwere na Wazaramo peke yao. Chuo kile kiliwakusanya wasanii wa makabila mengi. Mwanamuziki Hukwe Zawose, Mgogo wa Dodoma, aliishi pale na zeze yake na ilimba zake mpaka alipofariki mwaka 2003. Mwandaaji akiandika kwenye tangazo, "mwaka huu tunataka mchoro unaoonyesha mikono ya mafundi wa mji huu, wachongaji, wasusi wa ukili, waunda mashua", atapata michoro ambayo haiwezi kuhamishiwa tamasha la mji mwingine kwa kubadili jina tu. Hicho ndicho kipimo changu cha bango zuri.

La pili ni pesa, na hapa nitasema wazi. Tamasha linalomtoza mchoraji ada ili atume mchoro wa bango halifanyi haki. Mchoraji tayari amelipa kwa muda wake, rangi yake na bando lake. Na "zawadi nono" si kiasi. Andikeni shilingi ngapi, italipwa lini, na kwa njia gani. Kama ni fedha taslimu pamoja na banda la bure siku za tamasha, andikeni vyote viwili. Banda la bure ni kitu chenye thamani, mchoraji anaweza kuuza kazi zake pale siku zote za tamasha, lakini liwe nyongeza, lisiwe ndiyo malipo.

La tatu ni haki. Tanzania Bara tunayo Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki, Namba 7 ya mwaka 1999. Mchoro wako unalindwa tangu ulipouchora, hata kama hujausajili popote, na ulinzi unaendelea maisha yako yote na miaka 50 baada ya kufa. COSOTA, ofisi ya hakimiliki ya huku Bara, wanasajili kazi, na usajili unasaidia sana siku ya ugomvi, ila si usajili unaokupa hakimiliki. Zanzibar wana sheria yao ya mwaka 2003 na chombo chao, COSOZA, kwa hiyo tamasha la Unguja na tamasha la Tanga hayasimami chini ya sheria moja.

Tangazo likisema "kazi zote zitakazotumwa zitakuwa mali ya waandaaji", someni tena neno *zote*. Tamasha litatumia mchoro mmoja na kumiliki yote iliyobaki bila kuilipia hata shilingi. Hakuna tamasha linalohitaji hivyo. Linachohitaji ni ruhusa ya kutumia mchoro mmoja, kwa tamasha la mwaka mmoja, kwenye vitu vilivyotajwa. Likitaka kuuza fulana mwaka unaofuata, warudi wazungumze. Ruhusa ya namna hiyo inatosha kabisa kwa kazi ya tamasha, na mchoraji anabaki na mchoro wake wa kuuzia wengine.

La nne ni jina, nalo linaniuma kuliko yote. Niliwahi kusimama kwenye karakana moja ya kuchapa fulana, kijana wa kompyuta akiupanga mchoro wa tamasha kwenye skrini. Nembo ya mdhamini haikuenea chini. Akaupandisha mchoro juu, akakata pembe ya chini kulia, nembo ikakaa vizuri. Pembe ile ndiyo iliyokuwa na sahihi ya mchoraji. Hakufanya kwa ubaya, hakuna aliyemwambia kwamba ile mistari midogo ni jina la mtu. Fulana zikatoka katoni kwa katoni, hakuna hata moja iliyosema nani amechora.

Mnamkumbuka Mzee Francis Maige Kanyasu, maarufu Ngosha. Mwaka 2017 nchi nzima ilimzungumzia, mzee aliyekuwa akiishi kwa shida Buguruni na ambaye alitajwa kuwa ndiye aliyechora Nembo ya Taifa. Alifariki Muhimbili mwezi wa Mei mwaka huohuo. Wapo waliosema mchoraji alikuwa mwingine, na sitaki kulifungua hilo hapa. Ninachosema ni kwamba mchoro unaoonekana kwenye kila ofisi ya serikali ulifika mahali watu wakabishana hadharani nani aliuchora, na mzee mwenyewe yuko kitandani hospitalini. Jina likiandikwa siku ya kwanza, kwenye karatasi na kwenye kazi yenyewe, mabishano hayo hayaanzi.

Karibuni. Waandaaji na wachoraji wote, semeni.

---

Mdau wa Tanga

Mkuu uzi mzuri, ila kwenye malipo napingana nawe kidogo. Mimi mchoro wangu ulichaguliwa na tamasha la wilaya bila senti. Bango likabandikwa mpaka stendi. Nilipata kazi mbili za kuchora kuta za shule kwa ajili ya bango lile. Kijana anayeanza akisubiri tamasha lenye bajeti atakaa sana.

Mwanzisha uzi

Kaka, hongera kwa kazi za shule, na sikukatazi kuchagua. Lakini jiulize waliokuita shuleni walikupataje. Bila shaka jina lako au namba yako ilikuwa mahali fulani kwenye bango, au mratibu aliwaelekeza kwako. Kwa hiyo hata hapo kilichokulipa ni jina kuandikwa. Tamasha lisilo na fedha kabisa liseme hivyo wazi, kisha litoe kile linachoweza: jina kwa maandishi yanayosomeka, nakala za bango, nafasi ya kuuza, barua ya utambulisho. Nisichokubali ni tamasha linalomlipa mpiga picha, mtu wa jukwaa, mtu wa spika na mtu wa tenti, halafu mchoraji pekee ndiye anaambiwa afurahie kuonekana.

---

Mratibu wa tamasha dogo

Shikamooni wakubwa, wenzangu habari. Mimi niko upande wa pili, naratibu tamasha la jamii mkoani. Tuko watu wachache, wengi tunajitolea. Nikiri kwamba tangazo letu la mwaka jana ni kama hilo alilolieleza mwanzisha uzi. Tulipokea kazi nyingi, nyingi haziwezi kuchapwa, na mshindi alinung'unika. Naomba ushauri wa vitendo: tufanyeje na bajeti ndogo?

Mwanzisha uzi

Marahaba kwa niaba ya wakubwa waliomo, na ahsante kwa kujitokeza dada. Kama bajeti ni ndogo, msiwaombe watu wote kazi iliyokamilika. Fanyeni kwa hatua mbili.

Hatua ya kwanza, mchoraji atume picha tatu nne za kazi zake za nyuma, na rasimu ya penseli ya wazo lake kwa bango lenu. Rasimu tu, ya jioni moja. Hatua ya pili, mchague watatu, muwalipe kila mmoja kitu kidogo cha kukuza rasimu yake, halafu kati ya hao mmoja achukue zawadi. Fedha ileile mliyopanga mnaigawa kwa namna nyingine. Faida yake ni kubwa: hamsini hawakupoteza wiki kwa ajili ya mmoja, na nyinyi mnapata nafasi ya kusema "tunaomba hapa pabaki wazi kwa ajili ya tarehe" kabla rangi haijakauka.

Maana hilo ndilo waandaaji wengi husahau kulisema. Bango si picha ya sebuleni. Lina jina la tamasha, tarehe, mahali, na mstari wa nembo za wadhamini chini. Msipomwambia mchoraji aache nafasi, atajaza karatasi yote, kisha mtu wa kuchapa atabandika maandishi juu ya uso wa mtu. Toeni kipimo: karatasi ya A2, wima, robo ya chini iachwe tulivu, tarehe itakaa juu kushoto. Mchoraji mzuri anafanya kazi bora zaidi akijua mipaka yake.

---

Mwanafunzi wa uchoraji

Samahani kaka mkubwa, mimi nachora Tingatinga, rangi ya mafuta ya kung'aa kwenye ubao. Sina skana ya kuingia ubao. Nikipiga picha kwa simu inatoka na mng'ao mweupe katikati, na nikituma wananiambia haina ubora. Nifanye nini?

Mwanzisha uzi

Swali zuri mdogo wangu, na nitakaa hapa kidogo, maana kazi nyingi nzuri zinaachwa nje kwa sababu ya picha mbaya tu.

Rangi za Tingatinga ndivyo zilivyo. Edward Saidi Tingatinga mwenyewe, kijana wa Tunduru aliyekuja Dar, alianza mwishoni mwa miaka ya 1960 na rangi za kung'aa za dukani, zile za kupakia baiskeli, juu ya vipande vya hadibodi. Alikufa mwaka 1972, wenzake wakaendeleza, na mwaka 1990 wakaunda ushirika wao pale Oysterbay. Mng'ao ule ni uzuri wa kazi mkononi na ni shida mbele ya kamera, kwa sababu ubao unarudisha mwanga kama kioo.

Usipige ndani ya nyumba, na flashi izime. Toka nje, tafuta kivuli kipana cha ukuta, saa tatu asubuhi au saa kumi jioni, au siku ya mawingu. Simamisha ubao wima, uegemee ukuta. Nyuma yako wewe mpigaji kuwe na kitu cheusi au cha rangi nzito, mlango uliofungwa au kanga nyeusi iliyotandazwa kwenye kamba, kwa sababu ubao utaonyesha kilicho mbele yake. Ukiwa na fulana nyeupe, utajiona umo ndani ya twiga. Simu iwe katikati kabisa ya ubao, usielekeze kutoka juu, la sivyo pembe za chini zitabana. Usivute kwa zumu ya simu, sogea wewe. Kisha fungua picha, ikuze, angalia vile vidoto vidogo vya mgongo wa chui. Kama kila kidoto kina ukingo wake, picha inafaa. Kama vimeyeyukiana, rudia.

Halafu usiitume WhatsApp kama picha ya kawaida. WhatsApp inaipunguza. Itume kama dokumenti, au kwa barua pepe. Ili bango la A3 lichapwe vizuri kwa nukta 300 kwa inchi, faili linahitaji pikseli 3508 kwa 4961. Kwa A2 ni 4961 kwa 7016. Simu nyingi hazifiki kipimo cha A2, na hapo tamasha lenyewe libebe mzigo: kwa hatua ya kuchagua wakubali picha ya simu, wakishamchagua mshindi ndipo wao wagharamie kumpeleka kwa mpiga picha mwenye vifaa. Dada mratibu, hili liingie kwenye tangazo lenu. Msipoliandika mtabaki na watu wenye kompyuta tu, na wachoraji wa ubao, wa batiki, wa ukili na wachongaji watadhani hawakualikwa.

Mwanafunzi wa uchoraji

Ahsante sana kaka. La kanga nyeusi sikuwahi kulisikia. Naenda kulijaribu kesho.

---

Mdau wa Mombasa

Hamjambo ndugu zangu. Nawasomea kutoka huku pwani ya Kenya, na nina neno kwa wachoraji wa Kenya waliomo humu, kwa sababu sheria yetu ina jambo ambalo wengi hawalijui. Sheria ya Hakimiliki ya 2001 yasema hakimiliki huanza kwa mtunzi. Lakini kazi ikiwa umeagizwa uifanye, basi huhesabiwa imehamia kwa aliyekuagiza, isipokuwa mmepatana vingine. Kwa hivyo mchoraji akishinda, halafu tamasha limwambie "tuchoree na nyingine mbili za kipeperushi", hizo mbili ni za kuagizwa. Asipoandika makubaliano, hakimiliki yaweza kuwa imekwenda. Karatasi moja tu yenye sahihi mbili yatosha kuzuia hilo.

Mwanzisha uzi

Ahsante sana ndugu, huu ni mchango mzito. Wachoraji wa Kenya someni hapo mara mbili. Na hata kwa sisi wa huku, kuhamisha hakimiliki ni jambo la maandishi. Mtu akikwambia "si tulielewana kwa simu", mjibu kwa upole kwamba mlielewana kutumia, na kuuza ni habari nyingine inayotaka karatasi.

---

Mama wa doti

Wanangu, mimi ni muuza kanga, naomba nichangie kwa upande wangu. Nyote mnasema bango, bango. Kwa nini tamasha la pwani lisialike watu wabuni kanga? Bango linachanika mvua ya kwanza. Kanga ya tamasha mtu ataivaa miaka.

Mwanzisha uzi

Shikamoo mama. Umenigusa penyewe. Kanga ni kazi ya sanaa ambayo kila nyumba ya pwani inayo, na sijui kwa nini matamasha yetu mengi yanaishia kwenye fulana nyeupe.

Kwa waandaaji watakaolichukua wazo la mama: kanga ina taratibu zake na tangazo lazima lizitaje. Upande mmoja una takriban sentimita 150 kwa 110, na zinauzwa mbili mbili, doti. Pindo linazunguka pande zote nne, mji, yaani ule uwanja wa mchoro, uko katikati, na jina, yaani yale maneno ya kanga, linakaa kwenye kisanduku chake chini ya mji. Mchoraji aliyezoea bango atachora picha moja katikati na kuacha pindo bila uhai, wakati mwanamke akijifunga, pindo ndilo linaloonekana zaidi. Jina nalo liwe shindano lake. Waalikeni washairi na wazee wa mitaa walete majina, kisha mchoraji na mwenye jina washirikiane zawadi. Rangi ziwe chache, kwa sababu kila rangi ina gharama yake kiwandani, na zikizidi doti itapanda bei wasiweze kuinunua wenyeji.

Na kwenye kanga suala la jina la mchoraji linaonekana wazi kuliko mahali popote. Mama, chukua kanga za Kaderdina wa Mombasa, ukingoni utasoma "K.H.E. Mali ya Abdulla". Jina la mfanyabiashara limechapwa kwenye kitambaa kwa miaka mingi na watu wanalitafuta wakinunua, kwa sababu ni alama ya ubora. Mbunifu wa pindo lile na mji ule hatumjui. Kwa hiyo nafasi ya maandishi ukingoni ipo, na macho ya wanunuzi yamezoea kusoma hapo. Tamasha liandike pale jina la mchoraji na mwaka. Haliongezi gharama yoyote.

Mama wa doti

Marahaba mwanangu. Na wateja wangu wanauliza kweli, "hii kachora nani?" Mimi sina jibu.

---

Mdau wa Unguja

Salaam aleikum. Swali kwa mwanzisha uzi: akili mnemba je? Siku hizi mtu anaandika maneno mawili kwenye simu, anapata jahazi na Ngome Kongwe, anatuma shindanoni. Jopo litajuaje?

Mwanzisha uzi

Waaleikum salaam. Kwanza tangazo liseme msimamo wake kwa maneno yasiyo na utata. Kama tamasha linataka kazi ya mkono wa mtu, liandike: "Hatupokei michoro iliyotengenezwa na akili mnemba, yote au sehemu." Likikaa kimya halitakuwa na msingi wa kumkataa mtu baadaye.

Pili, ile hatua ya rasimu niliyomwambia dada mratibu inasaidia hapa pia. Omba rasimu ya penseli, omba picha mbili za kazi ikiwa nusu. Na atakayechaguliwa aje, au apige simu ya video, aeleze kwa nini aliweka mtu huyu hapa na rangi ile pale. Mtu aliyechora ana majibu, tena mengi, utamzuia wewe.

Tatu, jopo liwe na mwenyeji anayeujua mji. Ndugu yangu wa Unguja hahitaji kompyuta kujua kwamba tanga la jahazi limefungwa upande usiowezekana, au kwamba mlango umechongwa kwa namna ambayo hakuna fundi aliyewahi kuichonga. Weka kwenye jopo baharia mmoja, fundi seremala mmoja, mchoraji mmoja, mtu wa kuchapa mmoja na kijana mmoja. Majaji wote wakiwa maofisa, kazi itachaguliwa kwa unadhifu tu.

Mdau wa Unguja

La baharia nimelipenda. Tanga likikosewa huku, watu watalizungumza barazani mpaka tamasha liishe.

---

Mratibu wa tamasha dogo

Nimekaa na wenzangu jana usiku tukausoma uzi wote. Naomba, kama hutojali, utuandikie mfano wa tangazo tunaloweza kulirekebisha.

Mwanzisha uzi

Bila shaka dada. Nimeliandika kwa lugha ya kawaida ili mtu alisome kwenye simu na alielewe. Yeyote aliyemo humu alichukue, abadilishe, alitumie. Penye nukta mjaze nyinyi.

*Tamasha letu linawaalika wachoraji, wabunifu wa batiki, wasusi, wachongaji na wapiga picha wanaoishi mkoani kwetu kuleta wazo la mchoro utakaowakilisha tamasha la mwaka huu. Mada ni mikono ya mafundi wa mji wetu. Hakuna ada ya kushiriki. Walio chini ya miaka 18 walete kibali cha mzazi au mlezi.*

*Kwa hatua ya kwanza tuma rasimu moja na picha zisizozidi nne za kazi zako za nyuma. Picha ya simu inakubalika. Unaweza pia kuleta kazi yako mkononi kwenye ofisi yetu. Mwisho ni tarehe … saa kumi na moja jioni.*

*Jopo la watu watano litachagua rasimu tatu. Majina ya wanajopo yapo chini ya tangazo hili. Kila mmoja wa watatu atalipwa shilingi … za kukuza rasimu yake kuwa mchoro kamili wa A2, wima, robo ya chini ikiwa wazi kwa maandishi na nembo. Mchoro utakaochaguliwa utalipwa shilingi … ndani ya siku 14 baada ya matokeo kutangazwa, kwa benki au kwa simu.*

*Hakimiliki ya michoro yote inabaki kwa wachoraji. Mshindi analipa tamasha ruhusa ya kutumia mchoro wake kwenye mabango, vipeperushi, tiketi, fulana na mitandao ya tamasha la mwaka huu tu. Matumizi mengine yatajadiliwa na kulipiwa kivyake. Mchoro hautakatwa wala kubadilishwa bila idhini ya mchoraji. Jina la mchoraji litaandikwa kwenye kila nakala. Hatupokei kazi iliyotengenezwa na akili mnemba.*

*Rasimu ambazo hazikuchaguliwa hazitatumiwa na tamasha kwa namna yoyote, na kazi zilizoletwa mkononi zitarudishwa kwa wenyewe.*

Mdau wa Mombasa

Hapo kwenye ruhusa umeandika "analipa tamasha". Nafikiri ulimaanisha kwamba anatoa ruhusa, lakini mtu aweza kusoma kuwa mchoraji ndiye anayelipa pesa. Rekebisha kabla watu hawajainakili, la sivyo mchoraji atadaiwa!

Mwanzisha uzi

Ahsante sana ndugu kwa jicho hilo. Isomeke hivi: *Mshindi anatoa ruhusa kwa tamasha kutumia mchoro wake…* Atakayenakili achukue hii.

Mdau wa Tanga

Na mimi niongeze. Pale kwenye "jina la mchoraji litaandikwa", wekeni na ukubwa wa herufi. Langu liliandikwa dogo mpaka mama yangu hakulisoma.

Mwanzisha uzi

Kweli kaka. Liongezwe: *herufi zisipungue ukubwa wa zile za mahali pa tamasha.* Na kijana wa kuchapa apewe maelekezo kwa maandishi kwamba sahihi na jina havikatwi, hata nembo zikizidi.

Mratibu wa tamasha dogo

Tumelichukua lote. Swali la mwisho: mchoro halisi wa mshindi, ule wenyewe wa kwenye ubao au karatasi, unabaki kwetu? Mwenyekiti wetu anapenda kuutundika ofisini.

Mwanzisha uzi

Unarudi kwa mchoraji dada. Mwenyekiti akiupenda aununue, kwa bei atakayoisema mchoraji, mbali na zawadi. Na akishautundika, chini yake aweke kikaratasi chenye jina la aliyechora na mwaka.